Mkanda wa Mguu wa Kushoto

"Dakika chache tu, Mjomba," alisema Sindano, akashuka garini kabla mjomba wake hajauliza chache ndiyo ngapi.

Pikapu ilikuwa imejaa hadi juu vitu alivyoviacha mjini alipohamia kwa dada yake. Kulikuwa na cherehani nzito ya kushonea turubai, godoro lililokunjwa, masanduku ya nguo, na meza iliyopinduliwa miguu ikitazama angani. Mjomba alishusha kioo na kutoa kichwa.

"Na huo ubao utakaa wapi? Kichwani kwangu?"

"Utafunguliwa. Ukifunguliwa unaingia kwenye gunia, nitauweka miguuni kwangu."

"Na huko uendako nani ataufunga tena?"

"Mimi."

"Wewe!" Mjomba alicheka puani. "Haya, fundi mkuu. Lakini mimi sizimi gari. Likizimwa hili, kuliwasha ni ibada."

Karakana ilikuwa chini ya kilima cha machimbo ya zamani, mahali ambapo mawe yalikwisha kuchimbwa na majani yakaota juu ya makovu. Wenye magari walikipita kilima hicho bila kukitazama. Lakini vijana wa mji walikipenda, kwa kuwa kiliteremka taratibu upande mmoja na kwa ukali upande wa pili, na huko ndiko walikoteremkia mbao zao. Ubao wa mlima si kitu cha kuchezea barabarani. Ukisimamishwa unamfika mtu kifuani, umepinda ncha zote mbili, una magurudumu manne yenye matairi ya upepo, na juu yake kuna mikanda miwili ya kufungia miguu. Ukishajifunga umejifunga. Kilima kikianza kukuchukua hakikuulizi kama umebadili nia.

Sindano alikuwa akiteremka nao vizuri kuliko wanaume wengi. Jina hilo alipewa hapo hapo karakanani, kwa sababu alikuwa mshonaji wa mahema na turubai, na kwa sababu ya ulimi wake. Aliyempa alikuwa Kocha, fundi mwenye karakana.

Alimkuta amesimama nyuma ya meza ya kazi. Mikono yake ilikuwa safi, jambo lililomshtua, maana hakuwahi kumwona bila grisi kwenye kucha.

"Umefika," alisema Kocha.

"Nimefika."

"Karibu ukae."

"Sikai. Mjomba yuko nje."

"Nimemsikia. Gari lake linaunguruma kama mtu mwenye mafua. Plagi zimechoka."

"Mwambie mwenyewe."

Kocha hakucheka. Alimtazama, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyegundua sufuria ni ya moto akiwa tayari ameishika. Sindano naye alimwona vizuri kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka mjini hapo kwenda kukaa kwa dada yake. Alikuwa amekonda mashavuni. Shati lake lilikuwa limefuliwa na mtu asiyejua kufua.

Ubao wake ulikuwa mezani, umefungwa kila kitu, unang'aa.

"Nilikuandalia," alisema Kocha. "Nilipopata ujumbe wako nikaufunga upya asubuhi."

"Ungeacha tu. Nataka ufunguliwe. Garini hakuna nafasi."

"Wote?"

"Wote. Tukifungua wawili tutamaliza haraka."

Alinyoosha mkono kwenye ukuta kuchukua spana, bila kutazama, na spana ilikuwa pale pale. Hilo ndilo lililomuuma kwanza. Kwa dada yake alikuwa akipapasa ukuta kila jioni akitafuta swichi ya taa, na kila jioni aliikosa. Mkono wake ulikuwa haujahama hapa, naye alikuwa amekuja kuuhamisha leo.

Walianza na magurudumu. Yeye alishika upande wa mbele, Kocha upande wa nyuma wenye breki. Nati zilitoka kwa urahisi. Aliingiza kidole kwenye beringi akaizungusha, ikalia kidogo kwa ukavu.

"Beringi zimekauka."

"Hazijazunguka siku nyingi."

"Naona." Kweli aliona. Kwenye meno ya matairi hapakuwa na hata chembe ya udongo wa kilima, na ndani ya ringi moja buibui alikuwa ameweka nyumba yake. Ubao haukuwa umetoka nje tangu alipouacha. Kwa sababu asiyoweza kuieleza, jambo hilo lilimpa faraja. Aliona afadhali kitu kimoja kilimngoja.

Alikumbuka siku ya kwanza. Alikuja kuleta turubai la kufunika mlango, akaona watu wakiteremka, akasema na yeye anataka. Kocha alimkatalia kupanda kilima mpaka aweze kukitaja kila kiungo na kazi yake. Walikaa kwenye benchi hili hili, ubao umelazwa mapajani mwao wote wawili.

"Hii?" aliuliza Kocha siku ile.

"Ekseli."

"Kazi yake?"

"Kushika magurudumu."

"Magurudumu yanashikwa na nati. Ekseli kazi yake ni kukusikiliza. Ukiegemea vidole inapinda huku, ukiegemea kisigino inapinda kule. Na springi?"

"Zinairudisha ikishapinda."

"Na hivi vipira vilivyojificha ndani ya springi?"

Hapo alifikiri, akijua anatazamwa. "Vinaizuia isirudi kwa hasira."

Kocha alicheka mpaka akaweka chini kopo la grisi. Kisha akamvalisha kinga za magoti, za viwiko, na zile ngumu za vifundo vya mikono, akisema mtu anayeanguka hutanguliza mikono hata akiapa hataitanguliza. Mwisho akamwekea helmeti na kufunga kishikizo chini ya kidevu, taratibu sana, kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kazi. Sindano alishusha macho. Jioni ile alirudi nyumbani akawaambia watu amechubuka goti, kumbe hakuwa ameanguka hata kidogo. Alitaka tu sababu ya kuzungumzia siku yake.

Sasa alifikia springi. Aliilegeza, akaichomoa, kipira kikadondoka kiganjani mwake. Alikibana kati ya vidole, kikabonyea kama mkate.

"Hiki si changu."

Kocha aliendelea kufungua kamba ya breki.

"Kocha. Vipira vyangu vilikuwa vyeusi, vigumu. Hiki ni kile laini kabisa. Mtu wa uzito wangu akisimama hapa ubao utalala ubavu."

"Nitakurudishia vyako. Vipo kwenye kopo."

"Sijauliza viko wapi."

Aliurudia ubao na kuutazama upande wa juu kama mtu anayetazama chumba chake baada ya wageni. Msasa uliobandikwa ili mguu usiteleze ulikuwa umelika upande mmoja, chini ya kisigino. Mikanda ya miguu ilikuwa imesogezwa, imekaribiana. Yeye alizoea kusimama akiwa amepanua miguu. Aliyesimama hapa alisimama kwa miguu iliyokaribiana, mtu mfupi. Na vikazio vyenye meno vilikuwa vimevutwa hadi jino la mwisho. Mtu mwenye mguu mdogo.

Kisha akaona mkanda wa mguu wa kushoto.

Ndani yake kulikuwa kumeshonewa kitambaa laini cha pamba, kimekunjwa mara mbili ili kisichubue. Mishono ilikuwa mibaya kupita kiasi. Ilipanda na kushuka kama kuku aliyetembea kwenye tope, na mwishoni kulikuwa na fundo kubwa kama punje ya mahindi. Sindano alikuwa ameshona maisha yake yote ya utu uzima. Angeweza kuambiwa ameachwa, akavumilia. Angeweza hata kuonyeshwa picha. Lakini mwanamume huyu, ambaye kifungo chake kikikatika alikuwa akifunga shati kwa waya, alikuwa amekaa chini, akatia uzi kwenye tundu, akashona kwa ajili ya mguu wa mtu.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini?"

"Mwenye mguu huu."

"Sindano, usi..."

"Mdogo, mfupi, mwepesi. Hata kilimani humpeleki, unamfungia ndani kama yai. Mimi ulinisukuma kilimani siku ya pili na mvua inanyesha!"

"Uliomba mwenyewe kusukumwa."

"Na yeye anaombaje? Hebu niambie, nijifunze." Sauti yake ilianza kupanda, akaiacha ipande. "Miezi yote hii nakaa kwa dada yangu, simu nimeiweka juu ya cherehani yake. Ikitetemeka, moyo unaruka, kumbe ni mtu anauliza bei ya hema. Nikasema labda Kocha anafikiri. Nikasema labda anamwogopa mama yake. Kumbe Kocha anajifunza ushonaji!"

"Ni mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Mguu ni wa mama."

Sindano alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Alimkumbuka mama huyo alivyokuwa siku ile ya mwisho, ameketi wima sebuleni, akimwambia mbele ya mwanawe kwamba nyumba ile haitaingiza mkwe anayejifunga miguu kwenye ubao na kujirusha mlimani kama mzigo. Na Kocha alikuwa pale, anakoroga chai iliyokwisha kuyeyusha sukari zamani. Aliikoroga mpaka Sindano akasimama, akachukua mkoba wake na kutoka.

"Mama yako amesimama juu ya ubao wangu."

"Alipata kiharusi. Si muda mrefu baada ya wewe kuondoka. Upande wa kushoto." Kocha aliweka spana chini. "Hospitali walisema asimame, ajifunze kusawazisha mwili. Alikuwa anaogopa sakafu. Nikatoa magurudumu, nikaziweka ekseli juu ya magogo mawili, nikatia springi laini. Ubao unacheza kidogo, yeye anashika nondo za dirisha, mguu umefungwa hauponyoki. Ubao wako ndio mfupi kuliko zote nilizo nazo. Leo asubuhi nimerudisha magurudumu. Sikutaka ujue."

Nje, Mjomba alipiga honi.

"Hukutaka nijue," alirudia Sindano polepole.

"Ungerudi."

"Kwa hiyo?"

"Ungerudi kwa huruma. Ungemwogesha, ungemlisha, na yeye angekuwa anakutukana kwa mdomo uliopinda. Nisingeweza kutazama."

Sindano alichukua spana. Aliutoa mkanda wa kushoto kwenye ubao, boliti zote, akauchukua mkononi na kupita mlango wa nyuma uliounganisha karakana na nyumba ya Kocha na mama yake.

Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha. Sakafuni palikuwa na magogo mawili yenye mifereji, na nondo za dirisha ziling'aa mahali viganja vilipozishika. Alikuwa amepungua. Kona ya kushoto ya mdomo wake ilikuwa imeshuka, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Maneno yalitoka taratibu, moja moja, lakini yalitoka. "Umekonda. Huko kwa dada yako hawapiki?"

"Wanapika, mama."

"Basi huli. Kelele zako nimezisikia mpaka huku. Hazijakonda."

Sindano alijikuta anataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, hakufanya lolote kati ya hayo. Alivuta kigoda.

"Umekuja kuchukua ubao," alisema mama.

"Ni wangu, mama."

"Ni wako. Sijasema si wako. Tangu uondoke nimekusimamia mali yako." Kona ya kulia ya mdomo ilipanda. "Kila siku asubuhi, naisimamia kwa miguu yote miwili."

"Naomba nione mguu wa kushoto."

"Wa nini?"

"Nione tu."

Mama alisita, kisha akausogeza kwa mkono wake mzima, kama anayesogeza kitu cha mtu mwingine. Upande wa juu wa mguu, mahali mkanda ulipokaa, palikuwa na alama nyekundu yenye ukubwa wa lile fundo la uzi.

"Inakuchubua."

"Kila siku."

"Hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Alijitoboa vidole vyote. Alinyonya damu huku anashona, akidhani sioni. Mtoto wako akikushonea kitu, binti yangu, unavaa."

Sindano alifungua mkoba, akatoa sindano, nta na uzi. Aliikata mishono ya Kocha mmoja baada ya mwingine, akahisi aibu kidogo, kana kwamba anasoma kitu kisichoandikiwa yeye. Kisha akakunja kitambaa upya, akaficha ukingo wake kwa ndani, akaanza kushona. Mama alimtazama mikono.

"Usifanye kwa kunionea huruma," alisema.

"Siwezi kukuhurumia, mama. Bado nina hasira na wewe."

"Vizuri. Shona hivyo hivyo."

Sindano aliendelea kushona. Gari la Mjomba lilisikika likiunguruma, likakohoa, likaendelea.

"Siku ile," alisema mama, "sikukukataa wewe."

"Ulinikataa. Nilikuwepo."

"Nilisema maneno. Ubao, mlima, heshima, yote niliyoyakuta mdomoni nikayasema. Lakini nilikuwa na mtu mmoja tu humu ndani. Nikakuona unakuja kumchukua, na kwa magurudumu tena, hata nikikimbia sikupati." Alipumzika ili ulimi ukusanye nguvu. "Basi nimebaki naye. Ananisimamisha, ananikalisha, ananilisha. Hatuna la kuzungumza. Akimaliza kunilaza anakwenda kukaa mlangoni, anatazama kilima. Ninamsikia anavyokaa kimya. Kuna ukimya wa mtu aliyechoka na kuna ukimya wa mtu aliyeondoka. Mwanangu aliondoka siku ile ile uliyoondoka wewe, mimi nimebaki na mwili."

Uzi uliteleza kwenye vidole vya Sindano. Aliutia nta upya ingawa haukuhitaji.

"Utarudi?" aliuliza mama.

"Sijaombwa, mama."

"Mimi siombi. Kuomba si kazi yangu, na hata kama ingekuwa yangu, sijui kuomba."

"Najua."

"Lakini sikukudanganya hata siku moja. Nilikuwa sikutaki, nikakwambia hapo hapo sikutaki. Hilo ulikumbuke."

Sindano alikata uzi kwa meno. Aliuvisha mguu mkanda, akaukaza taratibu, akapitisha kidole kati ya kitambaa na ngozi kuona kama kuna panapobana. Hapakuwa na fundo. Mama alishusha pumzi ndefu, akafumba macho kidogo, na hiyo ikawa ndiyo asante yake.

Aliporudi karakanani na ule mkanda, Kocha alikuwa amekwisha kufungua kila kitu. Ekseli zilikuwa zimelala pamoja, springi na vipira vyeusi kwenye mfuko, magurudumu yamepangwa, kamba ya breki imekunjwa vizuri. Gunia lilikuwa wazi, linangoja. Sindano aliuweka mkanda mezani.

"Funga tena. Uweke juu ya magogo, na springi laini."

"Sindano, ni wako."

"Ninauacha. Na beringi uzitie mafuta hata kama hazizunguki, zisije zikala kutu."

Kocha aligusa mshono mpya kwa kidole gumba. Alirudia kuugusa, mbele na nyuma.

"Kocha, umeniamulia," alisema Sindano. Sauti haikuwa ya ugomvi tena, na Kocha angependa iwe ya ugomvi. "Mama yako aliniambia hanitaki, nikajua pa kusimama. Wewe ulinyamaza sebuleni, ukanyamaza kwenye simu, ukanyamaza mama yako alipoanguka. Ukakaa peke yako huku, ukaniweka peke yangu kule, ukaita hiyo kunitunza. Nimeteremka kilima hiki na goti limevimba, na helmeti imepasuka. Nani alikwambia nitashindwa na mama mmoja?"

"Najua nilikosea."

"Basi niombe sasa."

"Nikuombe nini?"

"Unajua ni nini."

Alingoja. Alisimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya shati lile lililofuliwa vibaya. Kocha aliinua macho, na yote yalikuwa mle machoni: benchi, kilima, kishikizo cha helmeti, mkono juu ya mkono. Kama macho yangekuwa na ulimi, gari la Mjomba lingeshushwa mizigo saa ile ile. Midomo yake ilifunguka.

"Nikikuomba leo," alisema, "kila siku nitajiuliza kama nilimtafutia mama mwuguzi. Na wewe utajiuliza. Siku moja umechoka, umebeba beseni, utanitazama na utajiuliza."

"Nikijiuliza nitakuuliza wewe. Ndiyo maana watu wana midomo."

"Sindano..."

"Niombe, halafu uniache mimi nijue umeniomba kwa ajili ya nani."

Honi ililia tena, ndefu. Kocha alitazama mlangoni. Alitazama mlango wa nyuma. Kisha akainama, akachukua helmeti na kinga zote, za magoti, za viwiko, za mikono, akazipanga ndani ya gunia moja moja kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa hilo ndilo alilojua kulifanya.

"Hizi zimekaa kwa umbo lako," alisema. "Hazitamfaa mtu mwingine." Akafunga mdomo wa gunia, akamkabidhi. "Safari njema."

Sindano alipokea. Alimngoja kidogo tena, akiwa ameshika gunia kwa mikono miwili, ili baadaye asije akajilaumu kwamba aliharakisha. Kisha akatoka kwenye jua.

Mjomba alikuwa ameegemea usukani. Aliangalia gunia likiingia garini, jepesi, likatoa sauti ya vitu vitupu.

"Hicho ni nini?"

"Helmeti na kinga."

"Kofia bila ubao? Haya, twende." Akaingiza gia. Pikapu ilishtuka na kuanza kupanda barabara, cherehani ikigonga nyuma. Karakana ilibaki kwenye kioo cha pembeni, mlango wake wazi, bila mtu mlangoni.

"Mjomba, ulijua mama yake anaumwa?"

Mjomba alikuna shingo. "Mji mdogo huu."

"Ulijua."

"Nilijua. Nikaona nikikwambia utarudi, na dada yako keshakupatia kazi ya maana. Nikaona afadhali."

"Na wewe pia umeona afadhali," alisema Sindano. Hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu wa pili. Alitazama nje, watu wakipita na vikapu vyao, kila mmoja na anakokwenda, akajiona amekaa katikati ya watu wanaompenda kama mtu aliyeketi kwenye chumba kilichohamwa.

Walipita makutano. Mjomba, ambaye hakuwa mtu mbaya, alianza kutafuta neno la kupoza.

"Kwa hiyo ubao umeuacha."

"Nimeuacha."

"Umeuacha tu, au umemwachia mtu?"

"Nimemwachia mama yake."

"Ah. Vizuri. Umefanya utu." Aliendesha kidogo. "Na kijana mwenyewe? Yeye naye umemwacha, au ndiyo mmeachana?"

Barabara ilikuwa imenyooka sasa, na kilima hakikuonekana tena hata akigeuka.

"Tumeachana," alisema Sindano.

Hakuwa amelitamka neno hilo kabla ya hapo. Lilitoka zima, likakaa ndani ya gari. Aliona ni neno la ajabu, kwa sababu halitamkiki bila watu wawili. Mmoja akiondoka na mwingine akakubali, ndipo linatimia. Na yeye alikuwa amelisema peke yake.